Bi Daktari na Skurubu ya Mpiga Zumari

Bi Daktari alikuwa hamwamini mtu yeyote anayesema haumwi. Ukiingia chumbani kwake pale Likoni, ukaketi kitini, ukasema, "Alhamdulillahi, sina neno, nimekuja kuangaliwa tu," alikuwa akivaa miwani yake polepole, akikutazama kama karani wa forodha anayetazama sanduku lililofungwa kamba nyingi. Kisha yakaja maneno yake ya kila siku: "Fungua kinywa, fumba macho, maneno baadaye." Na kabla hujateremka kitini, lile jino ulilolificha mwezi mzima lilikuwa limeshajulikana lilipo, na madhambi yake yote.

Mie ndiye niliyemshikia taa na sahani ya vyuma miaka yote hiyo, tangu kliniki ilipofunguliwa juu ya duka la vitambaa, miaka ya themanini ikianza, mpaka alipoifunga. Alizaliwa wapi, mamake nani, ukoo wao umetoka upande gani, hayo mtanisamehe. Wapo wenye kujua nasaba za watu. Mie najua mikono. Ya kwake ilikuwa midogo, mikavu, yenye kunuka karafuu, na sikuiona ikitetemeka juu ya mgonjwa. Jina lake nalo silitaji, kwani mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina. "Jina langu waachie ndugu zangu, Mishi," aliniambia nilipojaribu mwanzo mwanzo. Basi Likoni nzima, wazee kwa watoto, ni Bi Daktari tu.

Lakini msidhani nilifanya kazi na malaika. Alikuwa na visa vyake. Alipenda mpira kupita kiasi, na Jumamosi alasiri redio ilikaa dirishani, sauti juu, mgonjwa apende asipende. Siku moja alikuwa amelishika gego la kuli mmoja wa bandarini, jitu la miraba minne, koleo limeshakaza, mara mtangazaji akapiga kelele kwamba timu ya Mombasa imepata kona. Bi Daktari akasimama vile vile, koleo mkononi, jino kwenye koleo, na kuli kwenye jino. "Ngoja kwanza," akasema. Kuli wa watu akangoja, macho yamemtoka pima. Kona ikapigwa, bao likaingia, Bi Daktari akaruka, na jino likatoka naye. Yule bwana alirudi kututembelea mara nyingi baada ya hapo, si kwa matibabu, kwa kuwasimulia watu wa benchini kwamba yeye gego lake liling'olewa kwa bao la kichwa.

Halafu utamu. Mchana kutwa akiwakemea kina mama kwa kashata wanazowapa watoto, na droo ya chini ya meza yake imejaa halua. Nikimfuma anatafuna, husema, "Hii ni dawa, sukari imenishuka." Na yeye mwenyewe, wallahi sisemi uongo, alikuwa na gego bovu upande wa kushoto, akitafunia kulia miaka nenda miaka rudi, kwa sababu aliogopa sindano. Mtu aliyeidunga nusu ya Likoni! Akiona sindano imeelekea kwake, anaomba maji na kutafuta ukuta wa kuegemea. Nilimwambia mara moja, "Bi Daktari, nikuitie mwenzako wa Changamwe akuondolee adha hiyo?" Akanijibu, "Yule ana mikono mizito. Tena usinitajie jambo hilo mpaka nife."

Mtu mzima, Bi Daktari akimkaripia kama mtoto, na mtoto akimbembeleza kama mtu mzima. "Bwana mdogo, unaonaje, tuling'oe leo au tuwe na subira?" humuuliza mtoto wa chuo cha Kurani, naye mtoto hukunja uso na kufikiri kweli kweli. Lakini baba yake akithubutu kusema meno yake ameyasugua kwa majivu ya kuni, hapo ndipo ungesikia. Bibi kizee mmoja wa Mtongwe alikuwa akija kila mwezi bila jino hata moja kinywani, kuja kushikwa mkono tu na kuulizwa habari za wajukuu. Bi Daktari akimketisha kitini, akimulika ufizi, na kumwambia, "Safi kabisa, bibi, endelea hivyo hivyo."

Jambo moja hakulifanyia mzaha hata siku moja, nalo ni magego ya juu. Juu yake, ndani ya mfupa wa shavu, kuna chumba kitupu cha hewa, kila upande kimoja, kimefunguka kuelekea puani. Mizizi ya magego iko chini ya sakafu ya chumba hicho, na kwa watu wengine sakafu yenyewe haina unene wowote. Aliyeng'oka gego zamani ndiye aliye hatarini zaidi, mfupa wake umekwisha kuliwa. Alinifundisha hayo kwa yai la kuku. Akalivunja upande mmoja, akalimwaga, akanishika kidole akakigusisha ule utando uliobaki ndani ya ganda. "Unausikia?" Nikamwambia nausikia. "Sasa ubonyeze." Nikaubonyeza, kidole kikatokea ng'ambo. Akaninyang'anya lile ganda akalitupa. "Ndivyo watu wanavyotobolewa. Mtu ana pupa, anasukuma juu, kitu kinapotea chumbani, halafu anamwambia mgonjwa kila kitu kiko sawa."

Kwa hiyo mzizi ukikatikia juu, yeye hakuusukuma. Alipanua pembeni, akauchokoa, akaubembeleza mpaka ushuke wenyewe, hata kama alasiri nzima itakwisha na benchi linanung'unika. "Waambie wakaswali warudi," husema. Wengine walirudi. Wengine walikwenda kwa wauza dawa wakarudi siku ya pili na uso umevimba, akawapokea bila ya kuwasimanga.

Sasa nimfikishe Bakari, kwani bila Bakari mtakuwa hamjamjua Bi Daktari.

Kwetu mtu akisema mpiga zumari bila kutaja jina, basi ni Bakari. Kuanzia Mtongwe mpaka Shika Adabu hakukuchezwa kirumbizi, ile ngoma ya harusi ya kupigana bakora, bila yeye. Na zumari haipulizwi kama filimbi, pumzi ikiisha ukanyamaza. Mpigaji hujaza mashavu hewa, na wakati mashavu yanaisukuma ndani ya zumari, pua inavuta pumzi nyingine, sauti haikatiki. Mashavu ndiyo ghala. Bakari alikuwa akiuzunguka uwanja mzima kwa sauti moja, wacheza bakora wakahema wao. Harusi yangu alinipigia yeye, na mama yangu mzazi, mtu mkavu asiyesifu kitu, alisema yule mtu ana mapafu matatu.

Hoteli moja ya pwani ya kusini ikamchukua awapigie wageni, na katika wageni hao mzee mmoja na mkewe wakampenda, wakamwalika kwao Ulaya. Hiyo ni miaka ya tisini, mwanzoni. Huko wakaona ana pengo, gego la juu lililong'oka tangu ujanani, wakampeleka kwa daktari wao iwe zawadi. Akatiwa skurubu ya madini ndani ya mfupa, fupi kuliko ncha ya kidole. Ikishashikana na mfupa, baada ya miezi, ndipo angefungwa jino juu yake. Akaambiwa wazi: mpaka mfupa ushike, usipulize kitu. Akarudi Likoni anatembea kifua mbele, akimfungulia kinywa kila aliyetaka kuona chuma kikimeta ufizini.

Haukupita muda, mpwa wake akaoa. Bakari alikwenda kama mgeni, kanzu na kofia, zumari kaiacha kwake. Lakini kirumbizi bila zumari kilikuwa kikilia kama masufuria, na dada yake, mama wa bwana harusi, akamjia mbele za watu. "Kaka, mzungu umempigia. Mwanangu unamnyima?" Neno hilo kwetu halijibiki. Mtu akatumwa nyumbani mbio, zumari ikaja, Bakari akapiga. Mwenyewe alitueleza kwamba katikati alisikia kitu kikilegea juu ya shavu, kikagota mara moja, kikanyamaza. Hakuacha, kwa sababu bwana harusi ndiyo kwanza alikuwa akiingia uwanjani na bakora yake. Alipomaliza, ulimi ukaenda kutafuta skurubu, skurubu haipo.

Jamaa wakakaa kitako, wakaamua: ameimeza. Nani angedhani jingine? Kitu kikipotea kinywani kitakuwa kimekwenda tumboni. Mwanasiti, mkewe, akamlisha ndizi mbivu na bamia asubuhi na jioni ili aitoe salama. Majirani nao wakawa hawamwamkii tena vizuri, kila anapopita ni, "Vipi, imetoka?" Haikutoka. Kilichotoka ni chai. Akinywa chai, inamtoka puani. Kisha pua ikaanza kunuka, upande mmoja tu, usaha hasa. Na zumari ikamkataa. Mashavu yakijaa yanapwaya, hewa inapenya juu inatokea puani ikifoka, na sauti inakufa. Hoteli ikatafuta mwingine. Watu wa harusi wakaanza kuwaita wapigaji wa mbali.

Alipofika kwetu alikuja na Mwanasiti, leso puani.

"Shikamoo, Bi Daktari."

"Marahaba. Una nini?"

"Mafua tu, hayataki kwisha. Na skurubu niliyoimeza."

Bi Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mishi!"

"Abee."

"Kile kioo kidogo. Na taa uishike vizuri, si kama jana."

Akambana pua Bakari kwa vidole viwili, akamwambia asukume pumzi puani kidogo, kidogo sana, kinywa kikiwa wazi. Nikaona kwa macho yangu. Pale ufizini skurubu ilipokuwa pakachomoza povu dogo, na kioo alichokisogeza karibu kikafanya ukungu. Akamwandikia akapigwe eksirei, na picha ilipoletwa akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Ilikuwa pale, nyeupe, imelala zake ndani ya shavu, na mikunjo yake yote ya skurubu inahesabika.

Mwanasiti akaitazama picha, akamtazama mumewe. "Na zile ndizi zote?"

Bi Daktari alicheka mpaka akashika meza. Mie pia nilicheka, Mungu anisamehe. Bakari hakucheka. Alingoja tunyamaze, akasema, "Bi Daktari, mimi kusoma sikusoma. Shamba letu limekwisha kugawanywa, baharini natapika. Nina mashavu haya tu. Niambie kweli. Nitapuliza tena?"

Bi Daktari akaibandua picha dirishani. Hata inshallah hakusema, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana inshallah alikuwa akiigawa bure kwa kila mtu.

Bakari hakuvumilia kimya kile. Akavuka kwa feri kwenda kisiwani Mombasa kwa bingwa mmoja wa meno, kijana msafi wa maneno. Huyo akaichukua picha ile ile, akaiangalia, akasema skurubu ataitoa wiki ijayo, inaonekana ilipo, kazi ndogo. Lakini zumari, akasema, auze. Tundu likishonwa, siku atakayojaza mashavu sawasawa litafumuka, na likifumuka mara ya pili halizibiki. Bakari akaturudia na zumari yake kaifunga kwenye kanga ya mkewe, anakwenda kumwonyesha mnunuzi.

Sijapata kumwona Bi Daktari ameghadhibika vile. "Zumari imekukosea nini?" akafoka, wagonjwa wote wakisikia. "Ilikuambia uipulize na chuma kibichi kinywani? Irudishe nyumbani!" Kisha akakaa, akashusha sauti. "Nisikilize, Bakari. Skurubu nitaitoa. Tundu nitaliziba. Baada ya hapo shavu lako utalichunga mwenyewe. Kati yangu mimi na wewe, anayenitia wasiwasi ni wewe."

"Lini?"

"Si leo. Huwezi kushona nyama iliyooza."

Akampa dawa, na kila siku chache Bakari akaja kuoshwa, maji ya chumvi ya vuguvugu yakipita tunduni na kutokea puani, mpaka yakawa yanatoka meupe bila harufu. Siku ya kazi yenyewe akamtuma asubuhi akapige eksirei nyingine. Bakari akanung'unika. Na picha ile si mnayo, akasema, tena ya juzi juzi tu?

"Jana umelala ubavu gani?" Bi Daktari akamuuliza.

"Wa kushoto."

"Basi na skurubu imelala wa kushoto. Nenda."

Picha ikaja, na subhanallah, skurubu haikuwa pale. Katika picha ya kwanza ilikuwa nyuma kabisa, karibu na tundu. Sasa ilikuwa imehamia mbele, upande wa pua. Kumbe chumbani humo ilikuwa ikitembea kama kokoto ndani ya kibuyu, na anayekata kwa kufuata picha ya zamani anakwenda kupekua pembe isiyo na kitu, huku anazidi kuubomoa mfupa. Bi Daktari akazilinganisha picha mbili dirishani, akaisogeza taa yake mwenyewe, akasema tutaingilia mbele.

Hakumlaza. Alimweka Bakari wima kitini, akamdunga ganzi, akakata ufizi juu ya chonge, akafungua kidirisha katika mfupa, kidogo kama kifungo cha shati. Mrija wa mashine ya kunyonya aliufunga kitambaa cha shashi mdomoni, skurubu ikinaswa isije ikamezwa na mashine. Tukaosha, tukanyonya. Ikaonekana, inang'aa. Alipoigusa ikateleza ikapotea. Tukaosha tena, ikapotea zaidi, maji yenyewe yalikuwa yakiisukuma ndani. Niliyaona macho ya Bakari juu ya kitambaa, yakinitazama mie kwa sababu yeye hayaoni ya Bi Daktari.

"Zima mashine," akasema. Nikazima. Akasimama kitambo, mikono juu hewani, haigusi kitu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. "Bakari, inama. Inama kama unatafuta kiatu chini ya kitanda." Bakari akainama, uso karibu na magoti. Na Bi Daktari, mtu mzima yule, na miguu yake ile iliyokuwa ikimsumbua, akapiga magoti sakafuni chini ya uso wake, miwani imepanda kipajini, mrija mkononi. "Taa, Mishi, shuka na taa!" Nikalala sakafuni ubavu na taa yangu. Akamgonga Bakari shavu kwa kidole, polepole, kama mtu anayegonga mtungi. Skurubu ikateremka yenyewe mpaka dirishani. Mrija ukaidaka, tik, ikaganda kwenye shashi.

Mie nilitaka kupiga kelele. Yeye akanikata jicho, kazi haijaisha. Bakari akarudishwa wima. Lile tundu la zamani akalikwangua kingo zake, akailegeza nyama ya ndani ya shavu, akaivuta ifunike, ikaja bila kukaza, akaishona kwa nyuzi zilizokaribiana kama za mshona kofia. Alipokata uzi wa mwisho ndipo akaichukua skurubu, akaiinua dirishani, akapiga ukelele, "Bao!" Ilikuwa siku ya kazi, redio imezimwa. Watu wa benchini wakaanza kuulizana nani anacheza na nani.

Basi likaanza la kulichunga. Bakari akapigwa marufuku kupenga kamasi, kunywa dafu kwa mrija, kupuliza makaa. Chafya ikimjia, afungue kinywa wazi. Mwanasiti akawa askari. Jambo likatangaa mtaani, ikawa Bakari akikunja uso tu barazani, wazee wote humpigia kelele kwa pamoja, "Fungua kinywa!" Na Bi Daktari, kwa kutomwamini, alimwambia alete kile kijani, jani dogo la ukindu linalolia mdomoni mwa zumari, akakifungia ndani ya droo. Kila akija Bakari humuuliza, "Tayari?" Naye humjibu, "Bado. Na usinitolee macho." Mwisho akaja siku moja akabanwa pua, akasukuma, kioo kikabaki safi. Hakuna ukungu, hakuna povu. Bi Daktari akafungua droo, akamkabidhi kijani chake. "Anza kidogo kidogo. Nyama imeshika."

Kuanzia hapo hakuna aliyeketi kwenye kile kiti bila kuulizwa, "Kazi yako inapuliza nini?" Watu walishangaa. Lakini haya, hesabuni wenyewe: muadhini, refa na filimbi yake, muuza mahamri anayepuliza makaa ya seredani tangu alfajiri, fundi anayepuliza vumbi ndani ya redio. Akimng'oa mmoja wao gego la juu, hamwachii mpaka amemwekea kioo. Walipoanza kuja madaktari vijana waliotaka kutia watu skurubu, maana mambo hayo sasa yalikuwa yamefika kwetu, walipitia kwake kumwomba maarifa. Akawaeleza bila choyo: pimeni mfupa kwanza, msitie chuma pasipo na sakafu ya kukibeba, kikitumbukia msikisake kwa kukisukuma, pigeni picha siku ile ile, na muulizeni mtu anafanya kazi gani kabla hamjamwambia apumzike. Halafu akawapa kila mmoja yai.

Ningependa kusema Bakari alirudi kuwa Bakari. Hakurudi. Alipiga, harusi zikamwita, lakini alipiga vipande vipande. Anapuliza, anakata, anavuta pumzi kwa kinywa kama mtoto anayejifunza filimbi. Mashavu hayajazi. Maneno ya yule bingwa wa kisiwani yalikuwa yamemkaa moyoni: siku utakayojaza sawasawa, litafumuka. Wacheza bakora wakawa wanasimama katikati ya pigo, wakitazamana. Wengine walisema mzee amechoka. Nilimwambia Bi Daktari, akaudhika, akamwita, akamwangalia, akamwambia, "Hakuna tundu hapa. Nilipashona mimi." Bakari akaitikia vizuri kwa adabu, na harusi iliyofuata akapiga vipande vile vile. Miaka ikapita hivyo. Lilimuuma Bi Daktari kuliko lile gego lake, nalijua, kwani alikuwa akiniuliza kila Jumatatu baada ya harusi, "Jana je?" Nami nikimjibu, "Vipande."

Kisha masikio yakamwacha. Mashine ya kutoboa meno ilikuwa imempigia kelele sikioni umri mzima. Mpira redioni hausikii, wagonjwa hawasikii, akafunga kliniki na kuhamia Mtopanga kwa mdogo wake. Mwaka mzima sikumwona, ila salamu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, siku ya sikukuu, nikamwambia Bakari twende tukamwamkie. Akaja na zumari yake ndani ya mfuko, sijui kwa nini, labda mazoea.

Tulimkuta uani anachambua mchele. Amepungua, lakini macho yale yale. Alitukumbatia, akatulisha, akatupigia kelele kama wanavyopiga wasiosikia. Alipouona mfuko, akauonyesha kwa kidole.

"Bado vipande?"

Bakari akainamisha kichwa, akajibu chini kwa chini.

"Sema kwa sauti!"

"Vipande, Bi Daktari! Naogopa!"

"Unaogopa nini?"

"Litafumuka! Yule daktari alisema likifumuka mara ya pili, basi!"

Bi Daktari akausukuma ungo wa mchele kando. Akainuka kwa kunishika bega, akaenda akasimama mbele yake, akakiweka kiganja chake cha kulia juu ya shavu la Bakari, lile lile. "Toa zumari. Mimi sisikii tena, huwezi kunidanganya kwa sauti nzuri. Mkono ndio utakaosikia. Likivuja, nipo hapa hapa, nitalishona tena. Jaza."

Bakari alipuliza kipande, akakata. Kiganja hakikutoka. "Jaza!" Akapuliza tena, kirefu kidogo, akakata. Alinitazama mie, machozi yamemlenga. "Bakari," Bi Daktari akasema, na safari hii hakupiga kelele, "jaza, baba."

Shavu likapanda chini ya kile kiganja, likapanda mpaka vidole vikaachana, likawa gumu kama mpira. Pua ikavuta. Sauti haikukatika. Ikavuta tena. Haikukatika. Majirani wakatoka vyumbani, watoto wakapanda ukutani, mzee mmoja asiyetujua akachukua fagio akaanza kucheza kirumbizi peke yake. Bakari alikuwa akilia waziwazi na kupiga, machozi yakimwagikia vidole vya Bi Daktari, na bado haikukatika. "Halivuji!" akanipigia kelele Bi Daktari. "Mishi, halivuji!" Bakari akaanza kuuzunguka ua kwa sauti ile moja kama alivyokuwa akizunguka zamani, na Bi Daktari, na miguu yake mibovu, akazunguka naye, kiganja shavuni, na mie nyuma yao nikipiga vigelegele mpaka koo likanikauka.